Kabla Mto Haujajaa

Asubuhi hiyo Ng'washi alikuwa akitwanga mpunga pamoja na mkamwana wake, Kashindye. Mchi mmoja ukipanda, mwingine ulishuka. Kashindye alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza. Mara kwa mara alisimama kuvuta pumzi. Aliposimama, Ng'washi naye alisimama. Alimtazama tu.

Ulikuwa mwezi wa Desemba, mwaka 1976. Familia hii ilitoka Shinyanga miaka minne nyuma, ikaja na ng'ombe wake mpaka Usangu. Majani yalikuwa tele. Ng'ombe walinenepa. Lakini zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, karibu na barabara kuu. Kila masika mto ulifurika, na njia ikafungika kwa miezi miwili.

Yotamu, mwenyekiti wa kijiji, aliingia uani na mgeni. Alikuwa mwanamke kijana, mizani begani, daftari mkononi.

"Mwangaluka, mayo," mgeni alisalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

Ng'washi akacheka. "Mwangaluka, mwanangu! Nani kakufundisha?"

"Njaa ya kukaribishwa uji, mama," alijibu mgeni, na wote wakacheka.

"Huyu ni ndugu Lea Kalinga, muuguzi kutoka Iringa," alisema Yotamu. "Anazunguka kila nyumba, huku kwetu na kule ng'ambo. Anapima watu wote, kuanzia kichanga hadi mzee."

Shigela, mume wa Ng'washi, alikuwa kivulini akisokota kamba ya ngozi. "Wazee wa nini?" aliuliza. "Sisi tumeshakauka. Pimeni watoto."

"Na wewe nitakupima, baba," alisema Lea. "Nataka kujua kwa nini watu wa rika moja, wa wilaya moja, wanatofautiana sana kiafya."

Aliketi kwenye kigoda, akafungua daftari. "Mama, umezaa watoto wangapi?"

"Saba."

"Walio hai?"

"Wawili. Maganga, mume wa huyu Kashindye. Na Roza, ameolewa kulekule Shinyanga."

Kalamu ya Lea ilisimama. "Hao watano, mama, walikuwa wanaitwa nani?"

Ng'washi aliuweka mchi chini. Tangu awazike, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Watu walimwambia asahau. Basi aliwataja polepole, kama mtu anayeita watoto waje kula. "Milembe. Kulwa na Doto. Sayi." Akatazama upande wa mto. "Wa mwisho hakupata jina. Nilikuwa na uchungu siku tatu. Mto huu ulikuwa umejaa."

Lea aliandika yote. Machozi yalimlengalenga Ng'washi, lakini moyoni alihisi nafuu. Aliwakumbuka wale watoto kila siku, na leo wameandikwa mahali.

"Mama yangu ni wa rika lako," alisema Lea. "Alizaa wanane, kule Igowole. Saba tuko hai. Hakuwa na nguvu kukuzidi, wala dawa ya siri. Kliniki ilikuwa karibu, basi. Alikwenda mimba ikiwa changa."

"Si ni bahati?" aliuliza Shigela. "Au mkono wa mtu."

"Baba, wewe unajua ng'ombe kuliko mimi. Ndama ambaye mama yake alikosa majani akiwa na mimba, anakuwaje?"

"Anazaliwa dhaifu," Shigela alijibu mara moja. "Huyo hata akikua, hawi dume la maana. Ugonjwa ukipita, unaanza naye."

"Akiwa jike?"

"Huzaa kwa taabu. Na ndama wake naye mdogo."

"Basi na sisi watu ndivyo," alisema Lea. "Afya ya mzee huanza tumboni mwa mama yake. Mtoto akizaliwa mdogo, huugua mara kwa mara. Akiugua, hakui vizuri. Msichana asiyekua vizuri hupata shida kuzaa. Nimepima watoto wa ng'ambo na wa huku. Umri mmoja, lakini wa huku ni wepesi zaidi. Hawakurogwa. Wamekosa kliniki na chakula cha kutosha tangu tumboni."

"Ng'ombe mwenye mimba mimi humhamisha mapema," alisema Shigela, kama anayejisemea. "Kabla njia haijaharibika."

Ng'washi alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Na mimi, baba Maganga, ulinihamisha lini?"

Shigela aliishika ile kamba bila kuisokota. 

Lea alimpima Kashindye. Alivuta chini kope ya jicho lake, akaona weupe. "Damu yako ni kidogo. Unakula mayai?"

Kashindye alimtazama mama mkwe wake. "Wanasema nikiyala, mtoto atazaliwa bila nywele."

"Nywele zitaota," alisema Lea. "Kula mayai, maharage, samaki, mboga za majani. Kunywa maziwa. Njoo kliniki mwezi huu, upate vidonge vya damu na sindano ya kuzuia pepopunda. Na usingoje uchungu ukiwa huku. Vuka kabla mto haujajaa."

Wiki ile Yotamu aliitisha mkutano. Lea alisoma aliyoyaona, na Shigela akawa wa kwanza kusimama. "Tujenge nyumba kule, karibu na zahanati," alisema. "Wake zetu wasubiri huko."  Wanaume walikata miti, wanawake wakakandika udongo. Mwisho wa Januari wajawazito watatu, Kashindye akiwa mmoja wao, walivuka pamoja na bibi mmoja wa kuwapikia.

Ng'washi alibaki kulinda mpunga dhidi ya ndege. Mto ukajaa. Kila jioni alikwenda ukingoni, akatazama moshi wa ng'ambo. Alisikia maji tu. Alitamani kusikia hata kikohozi cha Kashindye. Machi ikapita, hakuna habari.

Mwishoni mwa Aprili maji yalipungua. Ng'washi hakungoja mtumbwi. Alivuka kwa miguu, maji kiunoni, Shigela akimshika mkono.

Kashindye alikuwa ameketi mlangoni. Mashavu yamejaa. Mapajani alikuwa na mtoto wa kike.

"Alikuwa amekaa vibaya tumboni, mayo," alisema. "Muuguzi aligundua mapema. Wakanipeleka hospitali kwa gari, nikajifungua salama. Na wale wenzangu wawili, wazima."

 Kashindye angebaki kijijini, leo asingekuwepo. Ng'washi alijifuta maji mikononi, akajifuta tena.

"Mpokee," alisema Kashindye. "Lakini tumia mikono yote miwili. Huyu si mwepesi."

Ng'washi akainyoosha yote miwili. Kweli, alikuwa mzito.