Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Jumamosi hiyo duka la kompyuta lilijaa watu waliokimbia baridi ya Winnipeg. Olesya, ndani ya koti lake jekundu la sufu, alisimama kwenye meza ya vipanya vya kompyuta akijaribu kimoja baada ya kingine. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za mabomba ya jiji, na siku hizi kila akishika kipanya, kidole gumba kilimwaka moto.

"Hicho kitakumaliza, bibie," sauti nzito ilisema. "Jaribu hiki cha kusimama. Unakishika kama unamsalimia mtu."

Alikuwa pande la mtu, mwenye sweta ya kijivu na ndevu zilizoanza kuota mvi. Mwenyewe alivijaribu vipanya kwa mkono wa kulia, ovyo ovyo kama anayejifunza. Wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Wewe ni muuzaji?"

"Mimi ni Halldor. Mgonjwa mwenzako tu."

Olesya alicheka, wakapeana namba za simu. Lakini ule mkono wa mfukoni aliuona. Mume wake wa zamani naye aliuficha wake hivyo hivyo, na pete yake ndani, kila alipokwenda kwa wanawake wengine.

Wakapendana. Walitembea juu ya mto ulioganda, Halldor na glavu zake nene. Wakiingia ndani, mkono unarudi mfukoni. Lakini kwenye simu alikuwa asali tupu.

"Umekula, kipenzi?"

"Chakula kitapitaje, na hujaniambia kama una mke?"

"Mke! Nani atanivumilia mimi?"

"Hilo si jibu, Halldor."

"Nje theluji imeanza tena, umeona?"

Olesya alikata simu kwa hasira.

Jumapili moja Halldor alimwalika kwake. Kando ya kompyuta Olesya aliona kipanya kidogo cha mkono wa kushoto, kimechakaa kwa kutumika. Vipanya alishavijua: hupimwa kwa kiganja, kama viatu kwa mguu. Hiki kilikuwa cha kiganja cha mwanamke.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mwenye hiki. Usinifanye mjinga!"

"Ni changu."

"Chako, na mikono yako kama makoleo? Haya, toa mkono mfukoni niione hiyo pete."

Mkono ulibaki mfukoni. Olesya akachukua koti, akaketi mlangoni kuvaa buti, machozi yakimlenga. Alimpenda mno huyu mwongo.

Ndipo Halldor alipomfuata na kuutoa mkono. Pete haikuwepo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja hadi kiganjani, vimekakamaa.

"Havinyooki. Ni ugonjwa wa ukoo wetu, baba alikuwa nao. Kipanya cha saizi yangu kinavigonga, hicho kidogo ndicho kinachopita. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, Olesya. Dukani nilitumia wa kulia kwa sababu ulikuwa unanitazama."

"Sasa kwa nini hukusema huna mke?"

"Ungesema nionyeshe mkono. Mwanamke wa mwisho kuuona alisema unamtia kinyaa."

Olesya aliona aibu, na hapo hapo akamhurumia. Akavigusa vile vidole, kimoja kimoja.

"Vinauma?"

"Hapana. Ila hata nikioa, pete haipiti hapo."

"Unaniambia, au unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Olesya akainama, akaanza kuvua buti.