Injinia Careen na Tope la Ndiva

Hadithi hii ni kweli tupu. Kama nimeongopa hata neno moja, mimi Fanueli nitazoa tope la ndiva siku ya msaragambo, na mgongo wangu huu mbovu.

Careen ni jirani yangu huku mlimani. Kila asubuhi hushuka Same mjini, kwenye mradi wa maji. Ni injinia hodari. Siku moja bomba lilipasuka, maji yakaruka mpaka yakawalowesha abiria wa basi kule Makanya! Careen aliliziba peke yake.

Basi, wakamfanya meneja. Mafundi wote wakawa chini yake. Lakini spana hakuiacha. Fundi Habibu akishika kazi, Careen anamnyang'anya.

"Lete hapa, utachelewesha."

Habibu akawa anakaa kivulini, anachezea simu. Careen hali, halali. Kichwa kinamgonga.

"Mama watoto, kula basi," mumewe Asheri alimbembeleza.

"Niache! Kazi yenyewe naichukia."

Asheri akafunika chakula. Kazi hiyo mkewe aliipenda tangu shuleni.

Ikaja zamu ya kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Baragumu lilipolia tukatoka wote kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Usimamizi akapewa Careen. Badala ya kutugawia kazi, akarukia topeni na koleo.

"Pisheni, niwaonyeshe!"

Tukapisha. Tukakaa ukingoni, tukamtazama. Mara akapepesuka, akaanguka kwenye tope.

Mama Hedwiga, muuguzi mstaafu, alimvuta, akampa maji.

"Mwanangu, huu ni uchovu wa kazi. Hulali, una hasira, unachukia ulichokipenda. Kesho uende hospitali, wakupime."

"Nikipumzika, nani atafanya, mama?"

"Si hawa hapa! Mimi nilipopewa wodi, nilitaka kuchoma sindano zote mwenyewe. Wauguzi wangu wakabaki kunitazama kama hivi. Msimamizi anajua nani anaumwa mgongo, nani anaweza mawe. Anauliza, anagawa, anasubiri. Mtu akikosea, anamwelekeza. Hampokonyi koleo."

Careen alipimwa, akaambiwa apumzike. Aliporudi kazini, aliketi na mafundi.

"Habibu, kazi gani unaiweza na sikupi?"

"Pampu, bosi. Ila utaniachia kweli?"

"Nitajaribu."

Mara ya kwanza Habibu alifunga valvu vibaya. Careen akaweka mikono nyuma, akauma mdomo.

"Hebu angalia tena," alisema.

Habibu akaangalia, akacheka, akarekebisha. Sasa pampu ni yake. Jumapili Careen anazima simu ya kazi, anakula na wanawe. Asheri analalamika kwamba nyama haibaki!

Nilipomaliza kuandika, niliwasomea majirani. Careen akainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Maji ya Same yalifikaje Makanya?"

"Siku ile upepo ulikuwa mkali, mwanangu."

Walicheka wote, isipokuwa mimi. Asheri alishanishikia koleo.

Ndiyo maana msaragambo uliofuata ulinikuta topeni, nahema. Careen alisimama ukingoni. Mkono wake ukanyooka kuelekea koleo langu, kisha akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Umechoka, mzee? Kaa kidogo, unywe maji," alisema. "Halafu uendelee."