Wekundu wa Mawe ya Shimo la Zamani

Asubuhi ile ilianza kwa kicheko. Fundi, dada mtu, alikuwa amechuchumaa uani akichambua mawe kwenye karai, na mdogo wake amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, tumbo limemtangulia, anasuuza pipa.

"Mtoto akizaliwa na kelele, nitajua kazitoa wapi," alisema mdogo mtu. "Kutwa nzima anasikia pipa hili."

"Akizaliwa kimya ndiyo nitashangaa. Kwa mdomo wako huo?"

Kazi yao ilikuwa matumbawe ya kale, yale yaliyogeuka mawe ardhini tangu zama ambazo bahari ilifika huko juu. Yakitoka shimoni hayana sura. Yana rangi ya udongo, kama mkate uliokauka, ila ukiyatazama kwa makini utaona maua madogo madogo yamebanana. Dada ndiye aliyekuwa wa moto. Aliyafukia mawe kwenye mchanga ndani ya sufuria la chuma, akalisukuma tanurini na kupandisha gesi pole pole, mpaka umanjano ule wa kutu ugeuke kuwa wekundu. Baada ya hapo yaliachwa yapoe yenyewe, maana ukiharakisha yanapasuka. Mdogo mtu alikuwa wa pipa. Alitia mawe, maji na mchanga wa kusugulia, mota ikazungusha siku baada ya siku, na mchanga ukabadilishwa kutoka mkali hadi laini, mpaka maua yang'ae kama yamelowa.

Mimba ile ilikuwa imengojwa mpaka watu wakaacha kuuliza. Mume wa mdogo mtu, dereva wa lori la masafa marefu, aliondoka na neno moja tu: "Shemeji, nakuachia wawili."

Basi asubuhi hiyo hiyo mchimbaji wao akapiga hodi, gunia begani. Kwa kawaida angeomba maji na kuanza porojo. Safari hii alikuwa amevaa glavu ndefu za kazi, na hakutaka kuketi.

Fundi akafungua gunia. Maua ya mawe yale yalikuwa makubwa kuliko yote aliyowahi kuyashika.

"Umeyatoa wapi?"

"Shimo la zamani."

"Lile lililofukia watu?"

"Chukueni tu. Sitaki chochote." Macho yake yalitua kwenye tumbo la mdogo mtu, yakakimbilia ukutani. "Sitaki yalale kwangu tena."

Machale yalimcheza Fundi. Lakini ni fundi gani angeyaona mawe kama yale akayarudisha? Akayapokea.

Yalipotoka tanurini, aliyainua juani kwa furaha. Ule haukuwa wekundu wa kutu. Ulikuwa wekundu wa ulimi, wa nyama ya ndani ya shavu. Mdogo wake akapiga makofi, akacheka, kisha akashika ukuta.

"Dada, naona kizunguzungu."

Midomo yake ilikuwa myeupe kama imepakwa unga.

Walisema ni uchovu, ni joto, ni mimba. Mawe yakaingia kwenye pipa. Kila mchanga ulipobadilishwa, mawe yaliiva zaidi, na mdogo mtu akazidi kufifia. Kwanza kucha, kisha viganja, kisha ufizi. Ngozi yake ikawa ya kijivu, rangi ya jiwe kabla halijaona moto. Hospitalini daktari alipima damu, hakuamini, akapima tena.

"Damu yake ni nzuri," alisema huku amekunja uso. "Hata sielewi niandike nini."

"Na mtoto?"

"Anacheza. Ila taratibu sana."

Waliporudi, Fundi alimbandikia maji ya moto, akamwogesha kama alivyomwogesha walipokuwa wadogo. Alipofika mgongoni, mkono ukasita. Chini ya povu kulikuwa na maua. Madogo, yamebanana, yamepanda kutoka kiunoni hadi mabegani. Akabonyeza moja kwa kidole. Lilikuwa gumu, na baridi.

"Nini, dada?"

"Sabuni tu, mama. Tulia."

Alitoka mbio uani, akazima mota, akachota jiwe pipani. Maji yalikuwa baridi. Jiwe lilikuwa vuguvugu. Akalifumbata. Ndani ya kiganja chake kitu kikadunda. Kikanyamaza. Kikadunda tena.

Alikwenda kwa mchimbaji, akamkuta amekaa peke yake chumbani kwake, mchana kweupe, pazia limeshushwa. Glavu zilikuwa sakafuni. Mikono ilikuwa juu ya meza, haina rangi, imejaa maua mpaka mabegani. Alipojaribu kuisogeza iligonga mbao kwa sauti ya kikombe kinapowekwa kwenye kisahani.

"Nilikwenda kuomba niyarudishe," alinong'ona. "Hakuna shimo. Nimekuta majani tu, kama pale hapajawahi kuchimbwa."

"Mdogo wangu ana mimba!"

"Niliona."

"Uliona, ukatuachia?"

Yule mtu akalia. Machozi yalipopita mashavuni yaliacha michirizi myeupe. "Nilitaka ibaki hii mikono, dada yangu. Sina kingine cha kunilisha."

Fundi hakumlaani. Hakuwa na muda huo. Njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja linalojulikana na kila anayechoma mawe: moto mdogo huleta rangi, moto uliozidi huifukuza, jiwe likabaki jeupe kama chaki. Na rangi ikifukuzwa kwenye jiwe, itakwenda wapi? Hakuwa na hakika. Alijua tu hana njia nyingine.

Aliyazoa mawe yote, akayatupia tanurini bila mchanga, bila sufuria. Akafunga mlango, akafungua gesi yote. Mshale wa kipimo cha joto ukapanda, ukavuka alama aliyoizoea, ukaendelea.

Ndani ya nyumba mdogo wake akapiga yowe.

"Dada, naungua!"

Akakimbia kumshika. Mwili ulikuwa baridi kama sakafu.

"Zima! Dada, nakuomba, zima!"

"Vumilia, mama. Vumilia kidogo."

"Mtoto amesimama, dada. Hachezi. Hachezi tena!"

Akarudi uani. Mkono ukashika koki ya gesi. Nyuma yake pipa likaanza kuzunguka. Halikuwa na jiwe hata moja. Waya wa mota ulikuwa umechomolewa, umelala chini. Lilizunguka. Ndani mwake kitu kikagonga. Laini. Kama kisigino.

Akitazama koki, machozi yakamtiririka. Akizima, anampoteza mdogo wake pole pole. Asipozima, labda anawaua wote wawili sasa hivi, kwa mkono wake. Hakuna wa kumuuliza. Akaita jina la Mungu. Akaacha koki wazi.

Yowe likakatika.

Pipa likasimama.

Kimya.

Kisha tanurini, pah. Jiwe la kwanza. Pah. Yalipasuka moja moja, na kwa kila mpasuko alisikia kutoka chumbani mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kama aliyeibuka kutoka majini. Alipoingia, midomo ya mdogo wake ilikuwa imerudiwa na rangi ya damu, mgongo ni laini, na shuka limelowa. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Jirani mkunga aliitwa mbio. Mtoto alizaliwa jua likiwa bado kali: msichana, mwekundu kama nyanya, analia mpaka mtaa wa pili. Fundi alikaa chini sakafuni, akampakata.

Mchimbaji hakupona. Majirani walimkuta ameketi vile vile mezani, na waliombeba walisema walibadilishana mara kwa mara, maana uzito wake haukulingana na mwili ule.

Tanuri Fundi alilibomoa mwenyewe kwa nyundo. Siku hizi anashona mapazia. Tofali moja tu halikuvunjika, lile la nyuma ya mlango, tofali gumu lililokwisha kuungua miaka mingi. Kwenye uso wake wa ndani kuna alama ya kiganja, imezama kana kwamba tofali lilikuwa tope, na vidole vimetanuka, vinasukuma kutoka ndani. Alama hiyo ni kubwa kuliko mkono wa kichanga. Ni kiganja cha mtoto wa kuanza shule.

Amelifunga kwa kitambaa, amelificha juu ya kabati. Hajamwambia mdogo wake. Ila kila akimkata kucha yule msichana, humgeuza mkono, akaukunjua na kuupima taratibu kwa uzi alioukata kwa urefu wa alama ile.

"Mama mkubwa," mtoto aliuliza juzi, "mbona kila siku unanipima?"

"Naangalia unavyokua."

"Nimefika?"

Fundi akatazama uzi. Kilichobaki ni upana wa ukucha.

"Bado," alisema. "Bado, mwanangu."