Nani Alizima Onyo la Diski?

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kompyuta ya kliniki ya meno iligoma. Ilitoa mlio kama msumari unaogongwa kwenye bati, skrini ikabaki nyeusi, na picha za eksirei za wagonjwa wote zikawa hazipo.

"Umezifuta," daktari alimwambia karani wa mapokezi, mlango ukiwa wazi na wagonjwa waliokuwa wakisubiri wakisikia. "Ijumaa nilikunyima likizo, leo umenikomoa. Kusanya vitu vyako. Polisi watakutafuta."

"Polisi si huyo hapo kitini?" karani alijibu. "Aanze sasa hivi."

Kwenye kiti cha matibabu alilala dada mkubwa wa daktari, mpelelezi wa polisi aliyestaafu juzi tu, shavu limevimba kama amebugia limau. Mwingine angelilia jino lake. Yeye aliinuka, akavua kitambaa cha kifuani, akafunga mlango.

"Dada, jino lako..."

"Jino halijashtakiwa. Wewe kaa."

Alianza na karani. "Mashine hii ilikuwa na kasoro?"

"Ilikuwa nayo, mama. Kila nikiiwasha inaleta maandishi: diski inakaribia kufa, nakili kazi zako, bonyeza F1 uendelee. Nilimwambia daktari, akasema ataita fundi. Basi nikawa nabonyeza. Mwezi uliopita maandishi yakakoma. Nikajua fundi kaja siku nisiyokuwepo."

"Ukiiwasha, humu ndani kuna nani?"

"Mgonjwa wa kwanza huwa ameshalala hapo."

Mpelelezi alitazama skrini. Ilielekezwa kitini, ili mgonjwa aonyeshwe jino lake. Akampigia simu fundi wa kompyuta, naye akafika kabla ya saa nne.

"Diski uliitengeneza lini?"

"Sijaigusa mashine hii tangu niifunge, mama." Fundi akaitegea sikio. "Hii imekufa kifo chake. Hakuna aliyefuta. Lakini onyo halikomi lenyewe. Kuna mtu aliingia kwenye mipangilio ya kuwashia akalizima."

"Nani anaweza kuingia?"

"Mwenye neno la siri. Nililitaja hapa hapa, hawa wote wawili wakisikia."

"Basi ni huyu," daktari alidakia. "Alichoka kubonyeza, akazima. Mimi sikuambiwa chochote."

"Nilikwambia mara ngapi?" karani aliuliza.

Fundi akaiwasha upya, akaandika lile neno. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa.

"Limebadilishwa."

"Aliyelibadilisha ndiye aliyezima onyo," mpelelezi alisema. "Mdogo wangu, jipya unalijua?"

"Nitalijulia wapi?"

Kumtazama mama yule kazini ilikuwa raha. Hakupaza sauti, hakumnyooshea mtu kidole. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kibodi, mkono mmoja shavuni, na kwa kidole kimoja akaandika: kibogoyo.

Mipangilio ikafunguka. Fundi akasoma kwa sauti: onyo la diski, limezimwa.

"Mama, umejuaje?"

"Huyu mdogo wangu alipong'oka meno ya mbele utotoni, marehemu mama yetu alimpa jina hilo. Aliacha kuliitikia alipokwenda kusomea udaktari, ila kila anachokifunga hukifunga nalo. Simu yake, barua pepe zake, kila kitu. Tunaolijua tumebaki wawili, na mimi kompyuta hii nimeigusa leo kwa mara ya kwanza."

Daktari akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Kuna bwana mmoja aliyasoma yale maandishi," alisema. "Akaniambia, 'Daktari, mashine yako inakufa huoni, jino langu utaliona?' Akaondoka. Niliona aibu. Nilisema nitabadilisha diski nikipata nafasi."

"Ukaiziba mdomo mashine iliyokuwa inakwambia ukweli. Huo ni uzembe, na uzembe ningekusamehe. Lakini leo asubuhi ulijua kilichotokea, na bado ukamtwika lawama mtoto wa watu."

"Nilijua."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye, na umwambie pale ulipomtukania."

Akafungua mlango. Daktari akasimama mbele ya wagonjwa wake, akawaambia picha zao zimepotea kwa uzembe wake, na kwamba atawapiga nyingine bure.

Karani alisimama kando, mkoba begani.

"Bado hujasema nani alifuta," alisema.

"Hakuna aliyefuta." Daktari akapaza sauti hadi waliokuwa barazani wakageuka. "Wewe hukugusa kitu. Nilikusingizia, nami nilikuwa najua. Nisamehe."

Karani akaushusha mkoba, akaketi nyuma ya meza yake, na kumwuliza mgonjwa aliyefuata anaumwa jino gani.