Wawili wa Chemchemi ya Alfarja

Jambo la kwanza lililomtia Visitación wasiwasi ni kwamba mdogo wake aliomba radhi.

Walikuwa wamegombana tena, mara hii juu ya kivuli. Gari lilikuwa limesimama kwenye uwanja mdogo wa kijiji cha Alfarja, jua la adhuhuri likichoma bati la paa, na Fuensanta alikuwa amemwambia dada yake kwamba hata punda angejua kusimama upande wa pili, chini ya ukuta wa kanisa. Kisha akashuka, akaubamiza mlango, akapotea nyuma ya nyumba za mwisho, kule kulikosikika maji. Aliporudi, nywele zilikuwa zinachuruzika. Akaketi. Akavuta mkanda taratibu.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nimekuwa mkali mno."

Visitación alibaki ameshika ufunguo bila kuwasha gari. "Unaumwa?"

"Hapana. Nimepoa tu."

Safari hii ilikuwa wazo la Visitación. Mumewe, daktari wa meno, alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyopita, na nyumba ya Valencia ikawa kubwa kupita kiasi. Alimpigia simu mdogo wake kule Cartagena, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu mazishi ya mama yao, akamwomba wazunguke pamoja kwa gari, pwani kisha milimani, kama walivyofanya utotoni na baba. Fuensanta alikubali. Alisema atakuja ili apate mahali pazuri pa kumtukania.

Na alimtukana kweli. Mjini Águilas alimtukana kwa ajili ya hoteli. Garrucha, mbele ya sahani ya dagaa wa kuchoma, alimuuliza kama bado anakula kama tajiri au amejifunza kutumia vidole. Mojácar, Roquetas, kila mji wa pwani ulikuwa na tusi lake, na walipopinda kuingia milimani kila kona ilipata la kwake, maana Visitación aliendesha kwa woga. Chini ya matusi yote hayo lilikuwa jambo moja: kwamba Fuensanta ndiye aliyemuuguza mama miaka yote ile, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko, huku mkubwa akija sikukuu tu na boksi la peremende, na siku ya mwisho hakuwahi kufika.

Visitación alijua hayo ni kweli. Ndiyo maana aliyameza yote.

Sasa alikuwa anateremka kutoka Alfarja, kona baada ya kona, bonde liko wazi upande wa kulia, na hakuna aliyemwambia apunguze, aongeze, au ampe usukani mtu mwenye macho. Mdogo wake alitazama mbele na kutabasamu kidogo. Madirisha yalikuwa wazi na upepo uliopita ulikuwa wa moto kama wa tanuri, lakini nywele za Fuensanta hazikukauka. Maji yaliendelea kutoka kwenye ncha zake, yakiteremka shingoni, yakilowesha kiti. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu.

Visitación akampa pakiti ya lozi za chumvi, zile mdogo wake alizozipenda tangu utoto. Fuensanta akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Chumvi inaniumiza koo, dada. Kula wewe."

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma. Ilitoka chini, nyuma ya kiti cha Visitación, kama ya mtu aliyelala sakafuni mdomo umejaa maji.

"Visi. Ng'ombe we. Umeniacha."

Ilikuwa sauti ya Fuensanta.

Gari likayumba. Visitación akatazama kioo, akaona kiti cha nyuma kitupu, kofia zao mbili na ramani. Akatazama kando. Mdogo wake alikuwa amefumba mdomo.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia," Fuensanta akajibu kwa kunong'ona vilevile, na machozi yakamlenga. "Kuna kitu kule chemchemini, dada. Kilinishika mguu. Nadhani kimetufuata. Naogopa."

"Anakudanganya," ikasema sauti ya nyuma. "Una kichwa maji, Visi, siku zote ulikuwa na kichwa maji, geuza gari."

Visitación aligeuza gari palepale barabarani, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, tairi la nyuma likikwangua changarawe za ukingo wa bonde. Hakujua anamtii nani kati ya hao wawili. Alijua tu kwamba hawezi kuteremka hadi pwani na sauti ile chini ya mgongo wake.

Alfarja bado ilikuwa imelala usingizi wa mchana. Madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa, mbwa wamejitupa vivulini. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, na ndani yake bibi mmoja mwenye aproni nyeusi alikuwa anavunja lozi kwa jiwe. Alimtazama Visitación, kisha akalitazama gari, na mwanamke aliyeketi ndani yake akichuruzika, akaliweka jiwe chini.

Jina lake Obdulia. Kijijini ndiye aliyewaondolea watoto jicho baya kwa mafuta na maji, na ndiye aliyekwenda chemchemini pale jambo lilipoharibika. Hakuwa mpole. Alisema kila kiangazi lazima waje watu wa mjini, waone maji, watie miguu saa ambayo hata mbuzi hawanywi, halafu waje kugonga kwake. Alisema mle majini mna jini wa kike, wa tangu enzi za Wamori, wale Waislamu waliotawala huku zamani, na hana haja na fedha wala sadaka. Anachotaka ni kutoka. Hawezi kutoka ila kwa sura ya mtu, na mwenye sura hubaki ndani.

"Kwa hiyo aliye ndani ya gari siye?" Visitación akauliza.

"Mimi sijui. Wakati mwingine jini hutoka na sura, wakati mwingine hubaki majini akaiga sauti ili umtoe. Mimi si dada yao." Obdulia akajifuta mikono. "Mpeleke ukingoni sasa hivi, kabla watu hawajaamka. Wote wawili watakuita. Mmoja utamwita kwa jina, utamshika mkono, utaondoka naye bila kugeuka. Atakayebaki, atabaki. Na nisikilize. Usiangalie ni yupi unayemtaka. Angalia ni yupi wako."

Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na mahali pa kufulia pa zamani, paa la vigae juu ya nguzo nne, birika refu la mawe, na mdomo wa chuma uliotoa maji ya chemchemi bila kukoma. Obdulia alisimama mbali. Fuensanta alitembea kando ya dada yake bila kubisha, ameushika mkono wake kama mtoto anayevushwa barabara, na mkono ule ulikuwa baridi hata ukamuuma Visitación mifupa ya vidole.

Maji yakaanza kusema kabla hawajafika.

"Umekuja na hilo limekushika mkono? Una akili za kuku, Visi! Litazame! Mimi nimeshakushika mkono tangu lini?"

"Dada," akasema aliyekuwa kando yake, "usisikilize, nakuomba."

"Mama alikufa akikuuliza," maji yakasema, na sauti ilikatika kidogo kisha ikarudi na hasira zaidi. "Nilimwambia uko njiani. Usiku kucha nilimwambia uko njiani, mpaka akafa, na uongo ule niliubeba mimi, wewe ukaja na kofia nyeusi ya duka la ghali. Sitakusamehe, sikia, hata ukinitoa humu sitakusamehe, lakini nitoe!"

Na Visitación akasimama pale ukingoni, jua likimpiga utosini na ubaridi ukimpanda kutoka mkononi hadi begani, akaitazama sura iliyokuwa chini ya maji, ikitetemeka kila maji yalipotetemeka, mdomo umefunguka kwa hasira ileile aliyoiona makaburini na Garrucha na kila kona ya mlima, kisha akaitazama sura iliyokuwa kando yake, ileile, na kovu dogo lilelile la kidevuni, ila macho ya hii yalikuwa laini na yamejaa machozi, na midomo yake ikasogea karibu na sikio lake ikamwambia maneno ambayo alikuwa ameyangoja tangu siku ya mazishi, akiyangoja mezani na kitandani na mbele ya simu isiyolia.

"Mimi nimekusamehe, dada. Yote. Twende nyumbani."

Visitación akafumba macho.

"Fuensanta," akasema, akaufinya ule mkono baridi, akageuka naye, wakaondoka. Nyuma yao maji yalipiga ukelele mmoja, kisha yakaanza kumtukana. Yalikuwa bado yanamtukana walipofika kwenye gari. Obdulia hakumtazama Visitación usoni, lakini alipoombwa aichukue namba yake ya simu, aliichukua.

Wakahamia pamoja Cartagena, kwenye nyumba ya mama. Majirani walifurahi. Walisema ni jambo la kumshukuru Mungu kuwaona wale wawili wakipita sokoni wameshikana mikono. Fuensanta alimpikia dada yake, akamfulia, akamchana nywele jioni. Chakula hakikuwa na chumvi, na kila kopo la chumvi lililonunuliwa lilipotea. Ukuta wa chumba alicholala ulianza kulowa kutoka chini, unyevu ukapanda siku hadi siku, na fundi aliyeitwa hakuona bomba lililopasuka. Mchana wa jua kali Fuensanta alijaza hodhi la kuogea, akalala ndani yake na nguo zake, uso chini ya maji, macho wazi, kwa muda ambao mtu hawezi kukaa.

Siku moja Visitación alimjaribu. Alimwambia mezani, kwa makusudi, kwamba mama alikufa kwa uzembe wake yeye Fuensanta. Fuensanta wa kweli angemrushia sahani.

"Ni kweli, dada," akajibu, na kumwongezea supu. "Nisamehe."

Visitación aliinywa ile supu hadi mwisho. Tangu kijiko kile alijua. Akanyamaza, kwa sababu nyumba ilikuwa na amani, na kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwita dada.

Obdulia alipiga simu kiangazi kikiisha. Hakusalimu.

"Wako bado yupo majini," alisema. "Nilidhani atachoka mapema. Kila mchana anakutukana, watu hawapiti tena njia ile. Ila juma hili sauti imeanza kufifia. Maji huwalainisha wote mwishowe. Kama unakuja, njoo kesho, na uje na huyo wako. Bila yeye kurudi ndani, mwingine hatoki."

Visitación akasema atakuja kesho.

Kesho yake gari lilihitaji mafuta. Keshokutwa yake Fuensanta alikuwa ameoka keki, akamwomba wangoje upepo upoe. Siku iliyofuata ilikuwa ya misa ya kumwombea mumewe. Hakuna aliyemzuia. Kila asubuhi alichukua ufunguo, na kila asubuhi mtu mwenye sauti laini alimuuliza anakwenda wapi mapema hivi bila kunywa kahawa, naye akakaa akanywa kahawa.

Alipoondoka hatimaye, huyo mwingine alikuwa ameshaketi kwenye gari, amepakata kikapu cha chakula. Hakuuliza waendako. Walipita pwani bila kusimama. Walipanda milima, na kwenye kila kona Visitación alisubiri kuona kama sauti itatoka nyuma ya kiti chake imwambie kwamba ni ng'ombe. Ilitoka harufu ya kisima tu.

Watu wa Alfarja walikuwa wamelala. Alikimbia peke yake hadi kwenye birika, akapiga magoti, akaingiza mikono majini hadi viwiko.

"Fuen! Nimekuja. Fuen, nitukane."

Maji yalitulia. Kutoka chini, polepole, ukapanda uso. Ulikuwa na kovu kidevuni. Ulimtazama, kisha ukatabasamu.

"Ahsante kwa kuja, dada," ukasema kwa upole. "Umechoka? Barabara ni mbaya sana. Pole."

Visitación alianza kutukana. Aliutukana ule uso kwa matusi yote aliyowahi kutukanwa, moja baada ya jingine, la Águilas na la Garrucha na la makaburini, aliutukana kwa sauti iliyofungua madirisha ya kijiji, akipiga maji kwa ngumi, akiomba ajibiwe hata moja. Uso uliyasikiliza yote, na kila alipovuta pumzi ulisema: "Ni kweli, dada. Ni kweli."

Mkono baridi ukamgusa begani kutoka nyuma.

"Jua kali hili litakuumiza," akasema yule aliyekuja naye. "Inuka twende nyumbani."

Obdulia, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, aliwaona wakipita wameshikana mikono. Akaingia ndani, akafunga mlango.