Koti Lenye Matundu Matano

Lydiah ndiye aliyeyaona kwanza. Ilikuwa Jumapili asubuhi, anapiga pasi kabla ya kanisa, koti la buluu la mumewe limetandazwa mezani, mara kidole chake cha shahada kikapenya na kutokea upande wa pili.

"Baba Ella, hili koti umeliangika kwenye msumari?"

"Msumari gani? Nyumba yenyewe ya kupanga, hata picha haturuhusiwi kupigilia."

"Basi njoo uone."

Yalikuwa matundu matano, ya mviringo, safi, kama yaliyotobolewa na fundi viatu. Manne yalikuwa upande wa kulia wa kifua, na moja peke yake upande wa kushoto, chini, karibu na kiuno. Nondo hawali kwa mpango namna hiyo. Na koti lilikuwa likinuka, si jasho wala manukato, bali ile dawa ya kung'arishia shaba. Katika nyumba yao ya Cedar Hill, kando ya Dallas, hakukuwa na hata kijiko cha shaba.

"Nilivaa jana Houston," Kalume akasema. "Labda ni mkanda wa gari."

Alijua si mkanda wa gari. Alikwenda bafuni, akafunga mlango, akafungua vifungo vya shati. Chini ya kila tundu ngozi ilikuwa imevilia damu, zambarau, na katikati ya kila alama palikuwa na kijishimo kikavu. Mtu mwingine angepiga kelele. Kalume alijitazama kwenye kioo, akavuta mabega nyuma, akasimama wima kama mtu anayekaguliwa gwaride.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Huenda ni kweli kwa wengi. Kalume alikuwa na sababu, na aliijua vizuri kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe.

Mara nne kwa mwaka, Waafrika Mashariki wa Dallas na wa Houston hukutana kwa chemsha bongo, leo kwa hawa, kesho kwa wale, katika ukumbi wa kukodi. Watu hula pilau, watoto hukimbizana chini ya meza, na mwisho wa yote washindani wawili hukabiliana kwa maswali matano juu ya jambo moja. Kwa miaka mitatu jambo lilikuwa hilo hilo, kwa kuwa halikuwahi kutokea pambano lililochekesha na kusisimua watu kama hilo: makamanda wa Kisovieti wa vita kuu ya pili na nishani zao. Upande wa Dallas alisimama Kalume, Mgiriama wa Kilifi, mpiga picha za eksirei hospitalini. Upande wa Houston alisimama Melkiori, Mtanzania, mhandisi wa mabomba, mkazi wa Katy, kitongoji cha huko.

Kalume alijifunza peke yake, kwa vitabu vya maktaba, saa za mapumziko. Alijua nani walipewa Nishani ya Ushindi mara mbili, na ni nani aliyenyang'anywa yake akiwa kaburini mwaka wa saba. Alijua habari za yule jenerali aliyetolewa gerezani akapewa majeshi, na siku ya gwaride la ushindi akapanda farasi mweusi. Alijua yote, na alishindwa kila mara kwa kutanguliwa pumzi moja tu.

Kushindwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni namna Melkiori alivyoshinda. Kabla ya kujibu, Melkiori huinua uso kidogo na kutabasamu, kama mtu aliyewekewa mkono begani. Kisha hujibu, na kuongeza: "Hili mzee aliniuliza ugali ukiwa bado mdomoni." Watu hucheka. Mzee huyo alikuwa Luteni Kanali Elirehema, aliyesomea uaskari Odessa miaka ya sabini, akarudi Moshi na kitabu kinene cha picha, na kila jioni akimfunulia mwanawe ukurasa: nani huyu, na kifuani ana nini? Alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita.

Baba yake Kalume aliaga kwenda Mombasa kununua kipuri cha lori, asirudi tena. Kalume alikuwa na miaka minne. Hakubakiwa na sentensi hata moja ya baba yake ya kukumbuka, hata ya kumgombeza.

Alichorithi kilitoka kwa bibi yake, ambaye alikuwa na jini kichwani maisha yake yote: chetezo cha udongo, kitambaa chekundu, na onyo. "Jini haombwi kwa jumla, mjukuu wangu. Umtajie kitu kwa jina, na kipimo chake, na siku utakayokirudisha." Wiki mbili kabla ya shindano la Houston, saa sita ya mchana, Lydiah na Ella wakiwa sokoni, Kalume alichukua vitu hivyo akaingia gereji. Aliinua mlango kiasi cha shubiri moja ili king'ora cha moshi kisilie, akafukiza ubani, akajifunika kitambaa. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya busara. Lakini moshi ulipompanda kichwani alimwona Melkiori akitabasamu kuelekea juu, na kilichomtoka mdomoni ni hiki:

"Alicho nacho Melkiori, nipe mimi."

Hakutaja jina la kitu, wala kipimo, wala siku.

Ukumbini Houston, swali la kwanza halijaisha, mkono mzito ulitua begani mwake. Alisikia harufu ya dawa ya shaba na sauti ya mtu mzima wa Kichaga, yenye subira, karibu na sikio: "Mwanangu, mwambie ni ya Ushindi." Kalume akajibu, na kitu kikamchoma karibu na kiuno, upande wa kushoto, pale hasa inapovaliwa nishani hiyo. La pili likawa la nishani ya Suvorov. La tatu liliuliza ni nishani ya nani iliyochongwa kwa sura ya mwigizaji wa filamu, kwa kuwa mwenyewe, Aleksandr Nevsky, hakuacha picha. La nne, nishani ya Nyota Nyekundu. Kila jibu lilimchoma, na kila mchomo uliambatana na neno lile, mwanangu, hata akawa anausubiri.

Upande wa pili, Melkiori aliinua uso kama kawaida yake. Kisha tabasamu likamganda, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umejengewa matofali.

"Swali la mwisho," msomaji wa maswali akasema. "Zamani askari akifa, nishani zake zilirudishwa serikalini. Ni ipi iliyokuwa ya kwanza kuachiwa familia yake?"

"Ya Vita vya Uzalendo, mwanangu," sauti ikanong'ona. "Hiyo hairudishwi."

Kalume akajibu, na watu wa Dallas wakambeba juu juu. Njiani kurudi, wakiwa barabara kuu ya I-45, Ella wa miaka saba akalalamika kutoka kiti cha nyuma. Yeye Kiswahili alikisikia tu; kujibu alijibu Kiingereza, wazazi wabembeleze wasibembeleze.

"Daddy, tell him to move over."

"Nani, mama?"

"Him. He's jingling."

Lydiah aligeuka kumtafuta huyo anayelia kama sarafu mfukoni. Nyuma hapakuwa na mtu, ila mtoto alikuwa amebanwa kwenye mlango, na nusu nzima ya kiti ilikuwa imebonyea.

Wiki ile ndani ya nyumba haikuwa kama wiki nyingine. Kila jua likizama sauti ilikuja, na Kalume alikaa sebuleni peke yake akiulizwa maswali, akijibu, akichekewa, akikosolewa taratibu. Alianza kuwahi kutoka kazini. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alikuwa na furaha. Lydiah alisali mpaka sauti ikamkauka, lakini jioni ya Alhamisi, alipokuwa jikoni akikatakata sukuma, alisikia mlio mdogo kama wa vijiko vinavyogusana ndani ya droo, akafungua droo na vijiko vilikuwa vimetulia, akasikiliza tena na mlio ulikuwa ukitoka kwenye tundu la kiyoyozi darini, ukahamia koridoni, ukapita nyuma ya shingo yake na harufu ya shaba na pumzi ya mtu aliyevuta tumbaku, ukaingia sebuleni alipokuwa mumewe, na kiti cha pembeni, ambacho hakuna aliyekikalia tangu wakinunue, kikalalamika chini ya uzito wa mtu anayekaa polepole kwa sababu ya magoti.

"Baba Ella," akanong'ona mlangoni. "Humu kuna mtu."

"Najua."

"Unajua? Unajua na umekaa?"

"Punguza sauti, mama. Anazungumza."

Usiku huo huo simu ililia. Alikuwa Melkiori, na alikuwa akilia.

"Kaka Kalume, samahani, sikujua nimpigie nani. Nimesahau sauti ya mzee. Nimekaa hapa naangalia picha yake ukutani, naona mwanajeshi tu. Simjui. Mama yangu Moshi ananisimulia kwenye simu, ni kama habari za jirani. Wewe ulikuwa unayasikia yale mambo yake kila mara. Nikumbushe hata moja."

Kalume alifungua mdomo. Kwenye kiti cha pembeni, mtu alikohoa. Kalume akakata simu.

Lydiah hakusubiri zaidi. Kazini alielekezwa kwa Maalimu Majaliwa, mzee wa Tanga anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na siku zake za mapumziko husomea watu. Alikuja Jumamosi asubuhi kutoka Vickery Meadow, upande mwingine wa Dallas, kwa treni kisha mabasi mawili, msahafu ameufunga ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mnaishi mbali ninyi," akasema akivua viatu. "Jini lenyewe limefikaje huku bila gari?"

Alimtazama Kalume kifuani, akasikiliza kisa kizima bila kutikisa kichwa, na alipoambiwa habari za nishani yenye sura ya mwigizaji akaguna. "Ndiyo kazi yake na huyu jini. Amevaa uso wa kuazima. Lakini alichokiiba ni cha kweli, nacho hakirudi kwa kisomo pekee. Mwenyewe aje, na wewe utamke kwa kinywa chako, kimoja kimoja. Na mtoto apelekwe chumbani."

Melkiori alifika alasiri, macho mekundu. "Nime-drive masaa manne, sijui hata naitiwa nini." Kalume akamwambia. Alimwambia yote, ubani, kitambaa, na maneno yale ya gereji.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?" Melkiori akasema. "Ningekusimulia zaidi. Ningekugawia."

"Hadithi hugawiwa," Kalume akajibu. "Baba hagawiwi."

Majaliwa akaweka sinia ya bati katikati, akaanza kusoma. Kiti cha pembeni kikatikisika. Harufu ya shaba ikajaa mpaka machozi yakawatoka.

"Ya Ushindi," Kalume akasema, "narudisha." Kitu kikachomoka ubavuni mwake kama skrubu inayofunguliwa, na siniani kikalia kitu ambacho hakuna aliyekiona. Melkiori akashika kichwa. "Alikuwa akikohoa kabla ya kuuliza," akasema. Ya Suvorov. "Aliita kila mtu bwana mdogo." Ya Nevsky. Ya Nyota Nyekundu. Sinia ikalia mara ya nne, na Melkiori akainua uso, polepole, akatabasamu huku analia. "Namsikia. Kaka, namsikia!"

Kalume alilitazama tabasamu lile. Lilikuwa lile lile. Mkono wake ulikuwa upande wa kulia wa kifua, umefunika alama ya tano.

"Zimekwisha?" Majaliwa akauliza.

Hakuitaka yote. Alitaka moja tu, neno moja jioni. Mwenzake alikuwa amekwisha kupata sauti yake, angepungukiwa nini?

"Zimekwisha."

Maalimu aliutazama mkono ule kifuani. "Mimi kazi yangu kusoma," akasema. "Kuhesabu ni kazi yako." Akafunga msahafu. Melkiori alimkumbatia Kalume mlangoni, bila kinyongo, akajitolea kumrudisha mzee Vickery Meadow kwa gari kabla ya kushika njia ya Houston.

Jua lilipoanza kuzama, Lydiah alilala usingizi wa kwanza wa wiki nzima. Kalume alikaa sebuleni, akasubiri. Kiti cha pembeni kilikuwa kiti tu. Akafungua shati, na ngozi yake ilikuwa safi yote, hata pale kulia, kama ya mtu ambaye hajawahi kuguswa.

Ndipo akasikia maongezi ya chini chini kutoka chumba cha Ella.

Aliusukuma mlango. Harufu ya shaba ilimpokea. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haigusi sakafu, mgongo umenyooka. Kwenye blauzi yake, upande wa kulia, palikuwa na tundu dogo la mviringo, safi, na kando yake doa la damu lisilozidi punje ya mtama. Hakuonekana kuumia. Aliinua uso kidogo, kama aliyewekewa mkono begani, akatabasamu.

"Ya Vita vya Uzalendo, babu," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho hakuwahi kukitamka. "Hiyo hairudishwi. Hubaki na familia."

Kalume alisimama kizingitini. Akasubiri kuitwa na yeye. Godoro karibu na mwanawe lilibonyea zaidi, mtu akakohoa kabla ya kuuliza swali jingine, na swali hilo yeye Kalume hakulisikia. Hofu ilikuja, ndiyo. Lakini ilikuja ya pili. Kilichotangulia kumwingia, akimwangalia mtoto wake wa pekee akitabasamu kuelekea juu, kilikuwa kijicho.