Mke Wangu Yuko Mlimani na Nani?

"Umesema uko wapi?"

"Mlimani."

"Na nani?"

"Peke yangu, mume wangu. Nilikuambia jana, na juzi pia."

"Na huyo anayehema hapo?"

"Ni mimi. Napandisha."

Simu ikakatika. Mke, mkunga wa hospitali, akaitazama: mtandao umepotea. Akairudisha mfukoni, akabadilisha gia, akaendelea kukanyaga. Njia ilikuwa nyembamba, ukuta wa udongo upande huu, bonde upande ule. Penye mizizi mikubwa alishuka, akaibeba baiskeli begani, akavuka, akapanda tena. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Wenzake wa wodi ya wazazi walikuwa wamelala majumbani mwao.

Mjini, mumewe, fundi wa friji, alikuwa kwenye karakana yake ameshika bisibisi. Dada yake alikuwa ameketi juu ya friji mbovu iliyolazwa chini.

"Kaka, mwanamke aliyeolewa anaenda mlimani peke yake kutafuta nini?"

"Anaendesha baiskeli."

"Kwani barabara za huku zimeisha?"

Fundi akaacha kufungua skrubu. Dada akaona amegusa penyewe.

"Na simu ikikatika, eti mtandao. Haya, endelea kutengeneza friji za watu, wenzako wanakutengenezea nyumba."

Fundi akaiweka bisibisi mezani, akatoka kama alivyo, na ovaroli yake na kandambili miguuni.

Kule juu, mkunga alipofika penye uwazi, simu ikapata mtandao, ikalia mfululizo. Ujumbe wa wifi yake:

"Kaka usimpigie tena, atamficha huyo bwana. Nenda kimyakimya uwakute."

Halafu mwingine:

"Samahani wifi, huo haukuwa wako."

Mkunga alisoma jumbe zote mbili. Hakulia. Alimenya ndizi, akaila yote, ndipo akajibu:

"Haina shida wifi. Mwambie avae viatu vya kufunga, njia ina mawe."

Ushauri huo ulichelewa. Fundi alikuwa tayari chini ya mlima, amekodi baiskeli yenye breki moja, anamhoji mlinzi wa geti la msitu.

"Kuna mwanamke amepita hapa na baiskeli?"

"Asubuhi."

"Alikuwa na nani?"

"Alikuwa na kofia nyekundu."

"Nauliza mtu!"

"Peke yake, ndugu yangu. Kanisalimia, kauliza hali ya njia, kapanda."

Hapo angeweza kurudi. Hakurudi. Alipanda akisukuma zaidi ya kuendesha, mpaka kandambili moja ikakatika, mguu ukateleza kwenye pedali, akaanguka na baiskeli juu yake.

Mkewe alimwona kutoka kona ya juu. Alisimama, mguu mmoja chini, akimtazama anavyohangaika kujinasua. Kilele kilikuwa karibu. Akageuza baiskeli, akashuka.

"Kaa. Usiliguse goti."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Fundi akatazama njia ya juu. Mawe na nyasi tu.

"Hayupo," mkewe akasema, akimwagia maji kwenye kidonda.

"Basi ni mbaya zaidi."

"Kivipi?"

"Ningemkuta mwanaume, ningejua nagombana na nani. Sasa kumbe unanikimbia mimi."

Mkunga akavua kofia, akafungua kitambaa cha kichwani, akamfunga goti, akakaza fundo.

"Siku nzima nazalisha watoto wa wenzangu. Nikirudi, dada yako ananiuliza wa kwangu yuko wapi. Wewe umekaa hapohapo, unasikia, unabadilisha chaneli."

"Sikujua inakuumiza."

"Hukuuliza."

"Ungeniambia."

"Nikuambie? Nimekuambia naenda kuendesha baiskeli, umekuja kunifumania."

Fundi akainamisha kichwa. Simu yake ikaita. Alikuwa dada yake. Akaweka sauti ya nje.

"Kaka! Umewakuta?"

"Nimemkuta peke yake. Sasa nisikilize dada. Habari za mtoto usimuulize tena mke wangu. Tukipata utaambiwa. Tusipopata, ni jambo letu sisi wawili."

"Jamani, mimi nilikuwa nakutakia..."

"Usimuulize tena."

Akakata. Mkewe akafunga chupa ya maji. Akavaa kofia, akaelekeza baiskeli juu.

"Unaenda wapi tena?"

"Kileleni. Sijafika."

"Na mimi je?"

"Wewe shuka pole pole, kwa miguu. Nisubiri getini."

"Nikusubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nishuke."

Akaondoka. Fundi alimtazama mpaka kona ikammeza, kisha akashuka akichechemea, akisukuma baiskeli ya kukodi, mguu mmoja peku, akakaa kwenye benchi la mlinzi. Aliitoa simu mara kadhaa, akaandika, akafuta. Hakumpigia.

Jua lilikuwa limeanza kulegea mkewe alipotokea kwenye mteremko, amesimama juu ya pedali, vumbi mpaka kwenye kope. Akafunga breki mbele yake. Alikuwa anangoja.

Fundi akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Kulikuwaje huko juu?"

Mkunga akavua kofia, akakaa. Akaanza kumsimulia.